Anti, mwanangu anaiga kila kitu mpaka simu zangu za deni, nimempiga sasa hachezi tena

Shikamoo anti. Naomba usiweke jina langu maana hapa Mwanjelwa tunajuana, we andika tu mama fundi wa Mbeya inatosha. Nina miaka 29, nimeolewa, nina watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka 4 na miezi mitatu (nimwite Baraka, sio jina lake) na mdogo ana miezi 9. Mume wangu ni dereva wa malori yale ya Zambia, kwa mwezi namuona siku tano au sita, zilizobaki tunaishia kwenye simu akiwa amekwama foleni Tunduma. Mimi nashona, nina fremu ndogo karibu na soko, na Baraka tangu hajaanza kutembea anashinda pale chini ya meza ya kukatia.

Shida yangu anti huyu mtoto anaiga. Najua watoto wote wanaiga lakini wa kwangu amezidi, anaiga KILA KITU. Nikimpima mteja na yeye anachukua kamba anapima mguu wa meza halafu anaandika makorokocho yake kwenye boksi. Stuli anaigeuza miguu juu anasema ni cherehani, anakanyaga huku analia trrrrr kwa mdomo. Mwezi wa sita nilinunua parachichi la kula jioni, nageuka nalikuta limefungwa vipande vya kitenge mpaka shingoni, ananiambia mama usile huyu ni mteja ana harusi Jumamosi, basi tukala ugali na mboga tu. Tukitoka kanisani anahubiri. Kuna babu jirani anachechemea, siku moja nikamuona Baraka yuko nyuma yake na yeye anachechemea, nilikoma.

Mimi nilikuwa nacheka. Baba yake ndio hapendi, anasema mtoto wa kiume anageuka kasuku, hana chake. Mwaka huu Januari nikampeleka kituo cha kulelea watoto mchana, mwezi wa nne madamu akaniita, akaniambia tumewapa picha ya nyumba wapake rangi, wa kwako anasubiri aone mwenzake kapaka rangi gani na yeye anapaka hiyohiyo, mtoto wako msikivu ila hana ubunifu. Yale maneno yaliniingia anti. Nikamsimulia mume wangu, bora nisingemsimulia, sasa hivi amekazana tumpeleke inglishi midiamu moja ya huku mjini, wana kompyuta na wanasema wanafundisha watoto ubunifu, ada laki tisa kwa mwaka bado gari na chakula, na kabla ya hapo anataka amletee tableti aanze kuzoea. Mama mkwe yuko Tukuyu, yeye anasema hizo hela mnazitupa, mleteni kwangu akae mwaka mmoja na wenzake, mtoto anakuzwa na watoto.

Sasa lililonifanya niandike. Nadaiwa kikoba 180,000 na nimekuwa namkwepa mweka hazina wetu, akipiga namwambia niko Tunduma kwa mume wangu nitarudi Ijumaa. Ijumaa zimepita kama tatu. Mwanzoni mwa mwezi huu, baridi ile unaijua, yule mama akaja fremu bila kupiga simu, akakaa, tukawa tunaongea vizuri tu mpaka nikaona labda ananihurumia. Baraka akachukua kipande cha sabuni ya mche akakiweka sikioni na sauti yangu kabisaaa, "Haloo dada, mi niko Tunduma, nitarudi Ijumaa, hapa mtandao unasumbua." Na hakuishia hapo, akaendelea eti nilikuwa nakuja na bajaji ikaingia mtoni ndizi zote zimelowa, nikizianika nitakuletea na wewe umpe mtoto wako. Sijui hata hizo ndizi alizitoa wapi. Yule mama alinyamaza, akacheka cheko la pembeni, akachukua mkoba wake akaondoka.

Nilimpiga anti. Nilimpiga na rula ya mbao ya kukatia, na sikupiga kidogo, nikamwambia ukiniiga tena nakukata ulimi. Hii ni wiki ya tatu hachezi. Anakaa chini ya meza ananiangalia tu. Stuli imesimama kama stuli. Nikishika simu anatoka nje.

Niambie ukweli, mwanangu hana akili ya kubuni? Nimkataze kuiga au nimuache? Na nimpeleke wapi, hiyo shule, kwa bibi yake au nibaki naye hapahapa? Baba yake sijamwambia kama nilimpiga.

Mama Fundi, Mbeya

*

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na pole kwa Baraka pia. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka kwenye parachichi, ya pili nilifika kwenye stuli imesimama kama stuli nikaiweka chini kwanza nikaenda kunywa chai.

Nikirudia nilivyokuelewa, una mtoto anayefuatisha kila anachokiona, kituoni wakakuambia hana ubunifu na baba yake akakubali, sasa baba yake na bibi yake kila mmoja ana dawa yake. Katikati ya hayo mtoto akakuigiza mbele ya mtu ambaye hukutaka kabisa asikie, ukampiga, na amenyamaza. Unaniuliza kuhusu ubunifu lakini naona kama kinachokulaza macho ni huu ukimya, ubunifu umeupata njiani tu. Kama nimekosea utanisahihisha.

Kabla ya yote tuliangalie hili neno lenyewe, kuiga. Sisi Waswahili tumelipa sifa mbaya hili neno, ukilitaja tu mtu anamkumbuka yule wa kuiga kunya kwa tembo. Lakini mtoto akikaa chini ya cherehani ya mama yake miaka minne akaja kuwa fundi hatusemi kaiga, tunasema kafuata nyayo, na wazee walishasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kitendo ni kilekile. Kikitupendeza ni nyayo, kikituaibisha ni kuiga. Nakuuliza tu, siku ya parachichi Baraka alikuwa anaiga au alikuwa anafuata nyayo? Na siku ya sabuni?

Halafu hizo ndizi. Umeziandika kama kitu cha kupita, "sijui hata hizo ndizi alizitoa wapi", na mimi ndipo nilipokwama. Wewe kwenye simu ulikuwa unasema Tunduma, Ijumaa, mtandao. Hukuwahi kusema bajaji imeingia mtoni, hukusema ndizi zimelowa, wala kuzianika, wala hukumkumbuka mtoto wa yule mama. Hayo kayaweka yeye. Kachukua maneno yako matatu akayajengea kisa chenye safari, ajali, hasara na ahadi, tena kina huruma ndani yake. Kasuku hafanyi hivyo, kasuku anarudisha ulichompa. Na cherehani yako wewe haijawahi kushonea parachichi nguo ya harusi. Kuna mwanasaikolojia mmoja wa Kirusi, Lev Vygotsky, alifariki mwaka 1934, huyu aliandika kwamba mchezo wa mtoto mdogo ni mwangwi wa aliyoyaona kwa wakubwa ila mtoto hayarudishi yalivyo, anayachanganya na kuyapanga upya, na hapo ndipo kubuni kunapoanzia. Kwa hiyo mtoto mwenye vingi vya kuangalia ana vitambaa vingi vya kukatia, wewe fundi utanielewa.

Sasa najua baba yake atauliza, mbona mtoto anabeba mpaka visivyo na maana, kuchechemea, mtandao unasumbua? Swali zuri. Mwaka 2005 watafiti wawili, Victoria Horner na Andrew Whiten, walichukua boksi lina zawadi ndani wakawaonyesha sokwe wa kisiwa cha Ngamba kule Uganda namna ya kulifungua kwa kijiti, ila makusudi wakaweka na hatua ambazo hazina kazi yoyote. Boksi lilipokuwa la kuonekana ndani sokwe waliziruka zile hatua za bure wakaenda kwenye zawadi moja kwa moja. Watoto wa miaka 3 na 4 walirudia zote, na za bure pia. Ukiishia hapo utasema sokwe kamzidi Baraka akili. Lakini fikiria mtoto anakuangalia unalamba uzi kabla ya kuutunga kwenye sindano, atajuaje kama kule kulamba kuna kazi au ni tabia yako tu? Hawezi kujua, kwa hiyo anabeba yote, kuchambua atachambua baadae. Wanadamu tunafundishana mambo mengi ambayo sababu zake hazionekani kwa macho, anayebeba yote hapotezi kitu.

Na sio kwamba wanabeba kijinga kila wakati. Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2002, wa György Gergely wa Hungary na wenzake, kwa watoto wa miezi 14, yaani hata hawajaongea vizuri. Walimuona mtu mzima anawasha taa kwa kuibonyeza na paji la uso. Walipoona mikono yake ilikuwa huru na bado katumia kichwa, asilimia 69 nao walitumia kichwa. Walipoona mikono imeshika blanketi alilojifunika kwa baridi, ni asilimia 21 tu waliotumia kichwa, wengine walibonyeza na mkono kama mtu mwenye akili zake. Maana yake walikuwa wanajiuliza huyu kwa nini amefanya hivi. Wa mwaka mmoja na miezi miwili anajiuliza hilo, wa kwako wa miaka minne anajiuliza mangapi?

Ile picha ya nyumba. Madamu simlaumu, ana watoto wengi na rangi chache, na msikivu ni sifa. Ila ukimpa mtoto nyumba iliyochorwa tayari na kazi ni kujaza rangi, umemwachia nafasi gani ya kubuni zaidi ya rangi? Na kwa umri huo kumchungulia mwenzake ni kawaida kabisa. Uingereza mwaka 2011 walichapisha majaribio, kindoo kidogo chenye zawadi kiko chini ndani ya mrija mrefu, mtoto anapewa waya laini ulionyooka akitoe. Wa miaka 3 mpaka 5 wachache mno walifikiria kuukunja waya uwe ndoano. Wakionyeshwa mara moja wengi waliweza. Kubuni kutoka hewani ni kazi ngumu mdogo wangu, hata kwa mtoto mzuri, kuona na kufuatisha kunatangulia. Kwa hiyo hilo neno la madamu lichukue kama habari ya siku moja na karatasi moja, lisiwe jina la mtoto. Unaweza pia kumwalika apite fremu siku moja aone (au basi, mpelekee picha ya hilo parachichi kama ulipiga).

Tuje kwenye wapi aende, na hapa sitakuambia fanya hivi kwa sababu mimi sikai na hela zenu wala na mama mkwe wako.

Inglishi midiamu ina mazuri yake, atazoea lugha mapema na baba yake ambaye hayupo nyumbani atajisikia na yeye ametia mkono kwenye malezi, hilo usilidharau. Ila wanaposema wanafundisha ubunifu waulize wanaufundishaje. Kuna jaribio la Marekani, nalo la 2011, watoto walipewa kifaa cha kuchezea chenye mambo manne yaliyojificha. Mwalimu alipowaambia angalieni hiki kinafanya hivi, walikazania zaidi hilo moja. Ila mtu mzima alipojifanya kaligundua kwa bahati mbaya, ee kumbe kinalia, wakakipekua zaidi wenyewe na kugundua mengine mengi zaidi. Kwa hiyo nenda shuleni siku ya kawaida, sio siku ya wageni, uangalie watoto wa umri wake wanafanya nini saa nne asubuhi. Wamekaa kimya wanaitikia tu au wana mchanga, maboksi, vifuniko vya soda? Kompyuta zisikutishe wala zisikupumbaze. Na laki tisa kwa mtu anayekimbia 180,000 ya kikoba, mmh, hiyo hesabu naomba muipige wote wawili. Shule za msingi za serikali zina darasa la awali bila ada na mwakani anafikisha mitano, nalo liwekeni mezani, japo darasa linaweza kuwa na watoto wengi na kumuona mmoja mmoja ikawa shida.

Tableti sina ugomvi nayo kama kitu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa miaka 3 na 4 wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Ila Baraka kinachomnyanyua ni watu wenye kazi mikononi, anaona mguu unakanyaga, nguo inatokea, mteja anatabasamu. Katuni haimpi kitambaa cha kufungia parachichi. Na sijui kama wewe utaweza kuizima saa moja ikiisha siku ambayo una nguo kumi za sare za kwaya.

Bibi wa Tukuyu nampenda bila kumjua. Kule atapata watoto wakubwa wanaotengeneza malori ya maboksi na matairi ya ndala, atamuona bibi anachuma, anapika, anagombana na mbuzi, hayo yote ni mali ghafi, na mtoto akichanganyika na wa umri tofauti anaiga wakubwa na yeye anaigwa na wadogo. Kinachonitia wasiwasi ni wakati tu. Mtoto kapigwa, kaambiwa atakatwa ulimi, wiki chache baadae anapandishwa Kosta anaachwa kwa bibi mwaka mzima, yeye atajipa sababu gani? Wa miaka minne anaweza kuamini kafukuzwa kwa sababu ya sabuni. Labda wiki mbili mkiwa wote, we uende na cherehani ya mkono ukashone huko huko? Sijui, wewe ndio unaijua kazi yako.

Na kubaki chini ya meza yako nako kuna hatari zake, mikasi, pasi ya mkaa, na maongezi ya wakubwa ambayo wewe na wateja mnadhani hayasikii.

Sasa rula. Umeandika "sikupiga kidogo" na hukujitetea, nimeliona hilo. Sitakupiga na wewe. Ila jaribu kuiangalia ile siku kutoka chini ya meza. Kwake yeye alikuwa anafanya kilekile kilichokuchekesha kwenye parachichi, hajui uongo ni nini wala deni ni nini, simu ya Tunduma kwake ilikuwa kama kupima mteja, kazi ya mama. Akapigwa. Kwa hiyo hajui ni kipi kilichokosewa, na asiyejua kipi anaacha vyote, ndio maana hata stuli imesimama. Naona amejifungia kwanza mpaka ajue kama kuko salama, na sitaki kuita hiyo ukaidi.

Unaweza kumwambia maneno mafupi tu, mama alikasirika, mama alikosea kukupiga, kucheza sio kosa. Wengine wetu tunaona kumwomba mtoto msamaha ni kujishusha, nakuelewa kama hilo linakukwama, basi hata kukaa naye chini ya meza dakika kumi bila kusema kitu ni mwanzo. Unaweza pia ukageuza stuli mwenyewe ukaacha vipande vya kitenge karibu ukaendelea na kazi zako. Ila usimsukume acheze, akiona unamwangalia kama mwalimu wa mtihani atarudi ndani zaidi. Na kuigiza mtu anayechechemea, hilo mfundishe taratibu kwa kumsimulia babu anaumia wapi, ni jambo tofauti na mengine, usiliweke kapu moja. Wiki zikizidi kwenda na bado hachezi, halali vizuri, anajikojolea wakati alishaacha au anashtuka ukinyanyua mkono, usikae nalo, nenda kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, hawatakula.

La mwisho umelizunguka na mimi nimelizunguka. Umesema baba yake hujamwambia kuhusu kumpiga. Hukusema kama anajua kuhusu hiyo 180,000. Kama hajui, kumbuka lori litarudi, na mtoto akishapona atacheza tena, na atacheza alichokiona. Unaweza kumwambia mwenyewe kabla, ukachagua siku amekaa ameshiba na sio akiwa foleni mpakani, kuna hatari atafoka na kusema ndio maana mtoto kawa hivi. Unaweza kunyamaza ukalipa kidogo kidogo kimyakimya, kuna hatari asikie kwa mwingine, au kwa sabuni. Yule mweka hazina naye, mimi sina uhakika kama lile cheko lilikuwa la dharau. Mtu aliyekaa fremu yako anaongea vizuri tu na wewe baada ya Ijumaa tatu anaweza kuwa alikuja kukusikiliza, hata elfu ishirini ya kwanza mkononi ingekupa pa kuanzia kuongea. Lakini wewe ulimuona uso, mimi sikumuona.

Niandikie tena ukipata nafasi, na nijue hizo ndizi zilianikwa wapi. Na kama kile kipande cha sabuni bado kipo, usikifulie kwanza.